Breki za Pikapu ya Baba

Kama nyumbani kwenu kuna pikapu kuukuu, soma haya mpaka mwisho. Mimi nimejifunza kwa aibu.

Yetu baba aliinunua mwaka 1995, mtumba wa Kijapani, kwa fedha za kahawa. Wazee wa Karagwe wanaikumbuka bei ile. Mwaka 1994 baridi kali iliunguza mibuni kule Brazil, bei ikapaa dunia nzima, na sisi wa Kanoni ambao hata hatukujua Brazil iko upande gani tukaonja kidogo. Baba alipofariki, pikapu ikabaki mikononi mwa kaka. Kaka alibeba ndizi, maharage, wagonjwa na maiti, wenye nauli na wasio nayo. Mimi nilikwenda Mwanza kusoma, nikabaki hukohuko.

Novemba moja nilirudi likizo. Kila kaka alipokanyaga breki, usukani ulivutika kushoto, kuelekea mtaroni.

"Ndo tabia yake siku hizi," alisema, akiung'ang'ania kwa mikono miwili kama mtu anayezuia ng'ombe asiingie shambani.

Alitaka tungoje apate fedha, aipeleke kwa fundi mmoja mzee pale Kayanga. Mimi, mtu wa mjini, nikaona huo ni ushamba. Nikamwita kijana wa kando ya barabara, nikamweleza kwa kujiamini: gari linavuta kushoto, basi ubovu uko kushoto. Kijana hakubisha. Aliingia uvunguni na bisibisi, akazilegeza breki shuu za gurudumu la mbele la kushoto. Tulipojaribu barabarani, gari likaenda limenyooka kama rula. Nikamlipa buku tano, nikatembea kifua mbele siku nzima.

Siku ya tatu tulipakia maharage kwenda gulioni. Mama alikaa mbele, mimi nyuma juu ya magunia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na udongo ule mwekundu unateleza kama sabuni. Kwenye mteremko kaka alikanyaga breki. Gari halikuvuta kushoto, wala kulia. Na halikusimama pia. Upande mmoja kulikuwa na bonde, upande wa pili ukingo wa udongo. Kaka akachagua ukingo. Mimi nilirushwa kwenye migomba, nikainuka mzima. Mama alivunjika kifundo cha mkono.

Jioni ukoo ulikaa. Baba mdogo alianza: "Wewe gari unaliendesha kama umeliiba." Mwingine akasema kaka ana haraka, mwingine akasema ana kiburi. Kaka akajibu kwa sauti kubwa, nao wakamwambia, unaona, ndiyo hasira zako hizo. Mimi nilikaa karibu na mlango, nikanywa chai. Sikusema neno. Naye kaka hakunitaja.

Kesho yake yule fundi mzee alikuja na jeki yake. Alipofungua gurudumu la kushoto, aliuliza nani amelegeza breki hizi. Tukanyamaza wote wawili. Akazirudisha zilivyokuwa, kisha akaanza upya, bila papara. Alipima upepo wa matairi ya mbele, maana moja likiwa na upepo pungufu gari huvuta. Akayatikisa magurudumu kusikiliza kama beringi au viungo vya usukani vimelegea. Akafungua madramu kutafuta grisi au mafuta kwenye breki shuu. Pakavu.

Ndipo akainua mbele yote kwa jeki na magogo, akaweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, akaniambia nikanyage breki. Akalisukuma gurudumu la kushoto: limeshika, halitikisiki. Akalisukuma la kulia: likazunguka taratibu kama hakuna kilichotokea.

"Gari huvuta kwenda upande wenye nguvu, mwanangu," alisema. "Huyu wa kushoto anafunga breki peke yake. Mgonjwa ni huyu aliyenyamaza."

Akalegeza nati ya kutolea hewa upande wa kulia, nikakanyaga: mafuta ya breki yakatoka tone moja moja. Upande wa kushoto yaliruka. Akafungua pale bomba la chuma linapoungana na mpira unaokwenda kwenye gurudumu la kulia. Hapo mafuta yaliruka vizuri. Kumbe kizuizi kilikuwa ndani ya mpira wenyewe. Aliukata kwa kisu, akatuonyesha. Nje ulikuwa mzima kabisa. Ndani umevimba, tundu limebaki dogo, hata sindano ingepita kwa shida.

Mipira ya breki akataka tununue miwili, ya kulia na ya kushoto, kwa kuwa umri wake ni mmoja. Akaweka mafuta mapya, akatoa hewa, akaseti pande zote mbili sawa.

Nilikuwa bado nimekaa kwenye usukani na mguu juu ya breki. Nilifikiri juu ya buku tano yangu. Gurudumu moja tu la mbele ndilo lililokuwa likifanya kazi, na mimi nililipa fedha ili lilegezwe lifanane na lile bovu. Halafu nikafikiri juu ya kikao cha jana.

Usiku nilikwenda kwa baba mdogo, nikamweleza yote mbele ya kaka. Mzee aliguna tu. Kaka akaomba chumvi.

Asubuhi ya safari alinipeleka stendi ya Kayanga. Kwenye kila mteremko alikanyaga breki mapema kuliko ilivyohitajika, na pikapu ikapunguza mwendo ikiwa imenyooka. Niliposhuka aliniuliza kama nauli ninayo.