Kona Hamsini na Saba kwa Gia Nzito

Atokaye Chimala, penye barabara kuu iendayo Zambia, akataka kufika Matamba na nyanda za juu za Kitulo, huikabili njia ambayo wenyeji huiita Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake, nayo huupanda ukingo wa milima ya Kipengere kwa namna ya kumfanya mtu wa pwani, aliyezoea nchi iliyolala sawasawa, aulize kwa adabu kama hakuna njia nyingine. Mimi nilipanda wakati wa mvua, katika Land Rover kuukuu ya toleo la tatu, iliyosheheni magunia ya mbolea na madumu ya mafuta ya taa, na dereva wake, mzee wa Kikinga aliyeijua njia ile tangu ujana, aliniruhusu kuuliza kila nilitakalo kwa sharti moja, nisiulize katikati ya kona.

Kando ya goti lake palikuwa na vijiti vitatu: kimoja kirefu cha gia za kila siku, kimoja chenye kifundo cha njano, ambacho kikibonyezwa huyatia magurudumu ya mbele kazini, na kimoja chenye kifundo chekundu. Mwanzo wa mwinuko alilisimamisha gari kabisa, akakanyaga klachi, akakivuta kile chekundu nyuma. Chuma kikagongana chini ya sakafu, naye akaondoa gari kwa mngurumo mkubwa na mwendo mdogo ajabu.

"Mzee, sasa limeongezwa nguvu?" nikamwuliza.

"Injini ni ile ile, mwanangu," akajibu. "Nimeipunguzia haraka tu."

Maarifa ya kadhia hii yote yamo katika sanduku la pili la gia, ambalo mafundi huliita transfa, lililofungwa nyuma ya giaboksi ya kawaida. Katika gari la aina ile, kijiti chekundu kikiwa mbele, sanduku hilo hupunguza mzunguko kwa mara 1.15 hivi, kikivutwa nyuma hupunguza kwa mara 2.35, na papo hapo magurudumu ya mbele nayo huanza kuvuta. Zidisha hesabu hiyo kwa gia namba moja, kisha kwa difu, ambayo nayo hupunguza mara 4.7, utakuta kwamba injini yapasa izunguke mara 40 na ushei ili gurudumu lizunguke mara moja. Injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, gari halizidi kilomita 4 kwa saa. Lakini kilichopotea katika mwendo hurudi katika msukumo, ila kiasi kidogo kiliwacho na msuguano. Mabaharia wa kwetu hulitambua jambo hili pasipo kalamu, maana foromali nzito hupandishwa na watu wachache kwa kamba iliyopitishwa katika gofia zaidi ya moja, nao huvuta pima nyingi ili foromali ipande pima moja.

Jeep ya Willys ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa na sanduku kama hilo, na Land Rover ilipoonyeshwa hadharani mara ya kwanza, huko Amsterdam mwaka 1948, ilikuja nalo. Ajabu yangu ni kuwa watu humaliza sifa zao zote kwa magurudumu manne, wakakisahau kijiti chekundu, ilhali pale mlimani ndicho kilichokuwa kikitubeba. Tena kadiri tulivyopanda ndivyo hewa ilivyopungua, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000, hata Kitulo, mnamo mita 2,600, robo nzima huwa imekwenda. Penye tope mzee hakukanyaga mafuta kwa ghadhabu. Alinieleza kuwa nguvu iliyozidishwa hivyo yote hupitia katika shafti nyembamba za ekseli, na gurudumu linaloserereka kwa kasi, likigusa jiwe ghafla, huikata shafti mara moja.

Juu tulikuta maua ya kila rangi, na baridi iliyonikatisha matembezi. Yaliyonielimisha hasa yalikuwa katika kurudi.

Kabla ya kona ya kwanza ya mteremko mzee alikivuta tena kijiti chekundu, akatia namba moja, kisha akaiweka miguu yote miwili sakafuni, mbali na klachi na breki. Nilishika dashibodi kwa mikono miwili. Gari likashuka likinguruma kwa mwendo wa mtu atembeaye, kwa sababu sasa magurudumu ndiyo yaliyokuwa yakiisukuma injini, na ukaidi wa injini isiyopewa mafuta, uliozidishwa zile mara 40, ukalizuia gari lisikimbie. Mahali pamoja utelezi ukaliburuta pembeni; badala ya kufunga breki alikanyaga mafuta kidogo, magurudumu yakazunguka sawa na mwendo wa gari, yakapata kushika. Hapo nikasadiki kwamba kijiti kile, pamoja na hisani yake yote katika kupanda, kiliundwa kwa ajili ya kushuka.

Karibu na chini tulilikuta lori la viazi limeegeshwa, moshi ukifuka katika magurudumu ya nyuma na harufu ya breki zilizoungua ikijaa bondeni, na utingo wake akitafuta maji. "Dereva ameachia frii, bila gia," mzee akasema, kisha akashuka kumpa utingo dumu letu la maji. Nilipoyagusa magurudumu yetu yalikuwa na uvuguvugu tu.

Penye lami alisimama, akakisukuma kijiti chekundu mbele, magurudumu ya mbele yakaachiliwa. Kwani katika kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi umbali sawa, na lami kavu, isiyoteleza kama tope, ingevirudishia vyuma shari hiyo yote. Kisha akatia namba mbili, tukashika njia ya Mbeya.