Kutoka Korogwe hadi Pangani: Mzazi, ijue bahari ya usiku kabla kijana hajapanda mashua

MTOTO aliyekulia Korogwe anaujua Mto Pangani kabla hajajua kusoma. Anajua mahali maji yanapokwenda kasi, na anajua kwa nini mama anakataza kwenda mtoni jua likishazama: mamba hana urafiki na mtu. Mwenzake wa Handeni, kwenye nchi ya Wazigua ambako mvua ikichelewa kila ndoo inahesabiwa, amekua akiyaheshimu maji kwa sababu ya uhaba wake. Ikifika likizo ya Desemba wote wawili huwa na hamu moja: kushuka pwani kwa shangazi, kwa mjomba au kwa rafiki wa shuleni.

Safari yenyewe si ndefu. Anayetoka Handeni hupitia Korogwe au Mkata, wote wakakutana barabara ya Segera. Kutoka hapo ni Hale, kisha Muheza, na Muheza ndipo njia ya Pangani inapoachana na ile ya Tanga mjini. Sehemu kubwa ya njia ni mashamba ya mkonge, na mkonge huo nao una historia yake na Pangani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na mji wa Pangani. Kutoka miche hiyo zao likapanda hadi Muheza, Korogwe na kwingineko.

Mto nao unakwenda huko huko. Maji yanayopita Korogwe huzungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Pangani, kisha huingia Bahari ya Hindi kando ya mji wa kale wenye nyumba za mawe. Mto ni uleule, lakini anayejua kuogelea Korogwe hajajua bahari. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Anayetafutwa ni mnyama wa usiku

Kinachowavuta vijana wengi baharini usiku ni kambakochi. Huyu ni kamba mkubwa wa miambani, asiye na magando kama ya kaa, mwenye miiba mgongoni na papasi mbili ndefu kama fimbo. Hununuliwa kwa kilo, na mahoteli humtaka akiwa mzima na hai. Kwa kijana anayesubiri matokeo ya mtihani, usiku mmoja mzuri unaweza kuonekana kama njia ya mkato ya kupata fedha.

Mchana kambakochi hujificha kwenye mapango ya matumbawe, papasi tu zikichungulia. Giza likiingia hutoka kutafuta konokono, chaza na mizoga, na macho yake hung'aa yakimulikwa na tochi. Mbalamwezi ikiwa kali huwa mwoga zaidi, ndiyo maana wavuvi hupenda siku za giza. Msimu nao una kauli. Upepo wa kusi ukivuma bahari huchafuka; kaskazi ikiingia mwishoni mwa mwaka maji hutulia na kuwa maangavu. Bahati mbaya au nzuri, huo ndio wakati shule zimefungwa na wageni kutoka bara wamejaa pwani.

Wazamiaji wazoefu hawakurupuki. Wanatazama kalenda ya mwezi na maji: bamvua huja na mkondo mkali, maji mafu huwa na mkondo mpole. Wanavaa glovu, kwa kuwa miiba ya kambakochi huchana kiganja, na hawatii mkono pangoni bila kumulika kwanza, maana anaweza kuwamo mkunga mwenye meno. Wanamshika mnyama mgongoni, si kwenye papasi, kwa sababu papasi hukatika. Jike mwenye mayai, yanayoonekana chini ya mkia kama shanga ndogo ndogo, hurudishwa majini. Jike mmoja hubeba mayai kwa maelfu mengi, na vifaranga wake huelea bahari kuu kwa miezi kabla ya kurudi mwambani. Anayemchukua anavuna msimu ambao haujafika.

Marafiki ndio kamba ya uhai

Kinachotofautisha safari salama na msiba mara nyingi ni watu waliomo mashuani kuliko vifaa. Kanuni ya kwanza ni kwamba mmoja akizama, mwenzake abaki juu akimwangalia. Wakizama wote kwa pamoja, kila mtu akikimbilia kambakochi wake, hakuna anayejua nani hajarudi. Kanuni ya pili ni kwamba mashua haibaki bila mtu. Mkondo wa usiku huisogeza kimya kimya, na aliyeibuka akikuta maji matupu hana pa kushika.

Hatari kubwa kwa anayezama kwa pumzi yake haina kelele. Vijana wengi huvuta pumzi nyingi za haraka haraka kabla ya kuzama, wakidhani wanajaza hewa. Kwa kweli wanapunguza hewa chafu ya kaboni mwilini, na hiyo ndiyo inayoufanya mwili udai pumzi. Oksijeni inakwisha kabla ya onyo kufika, mtu anazimia, mara nyingi akiwa amekaribia kuibuka. Hapigi mayowe wala hatapitapi. Mchana mwenzake anaweza kumwona. Usiku anaona tochi tu ikishuka.

Mitungi ya hewa ina mambo yake. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Aliyevuta hewa ya mtungi chini, akapanda huku ameibana pumzi, hewa hiyo hutanuka na inaweza kupasua mapafu. Akikaa sana chini na kupanda haraka, gesi ya naitrojeni iliyoingia mwilini hutoka kama mapovu ya soda iliyofunguliwa. Viungo huuma, miguu hufa ganzi, wengine hupooza. Matibabu yake ni oksijeni na chumba maalumu cha mgandamizo, kitu ambacho hospitali ya kawaida ya wilaya haina.

Hapa pana jambo ambalo familia za Korogwe zinapaswa kulijua kuliko za pwani. Aliyezamia kwa mtungi hatakiwi kupanda mahali pa juu mapema. Wataalamu wa uzamiaji hushauri asubiri walau saa 12 baada ya mzamo mmoja, na saa 18 baada ya mizamo kadhaa, kabla ya kupanda ndege au mlima. Kijana anayezamia usiku Pangani, kisha asubuhi akapanda gari la Lushoto kupitia Mombo, anapanda zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Mapovu yaliyokuwa madogo huko chini hukua akiwa kwenye kona za Usambara.

Sheria inasemaje

Kuvua kwa kutumia mitungi ya hewa ni kosa kwa mujibu wa kanuni za uvuvi za Tanzania Bara. Kwa hiyo rafiki anayemwambia kijana wako "mitungi ipo, wewe njoo tu" anamwalika kwenye hatari mbili, ya mwili na ya mkono wa sheria. Kuzamia kwa mitungi kwa ajili ya kutazama, chini ya mwalimu mwenye cheti, ni jambo jingine, na hata usiku hufanyika. Huko mtu huangalia kambakochi akitembea, akamwacha.

Maziwe, kisiwa cha mchanga kilicho mbele ya Pangani, ni eneo la hifadhi tangu mwaka 1975 na hakuvuliwi. Zamani kilikuwa na miti, na kasa walitaga humo kwa wingi; miti ilikwisha, na sasa mchanga huonekana maji yakitoka na kumezwa yakijaa.

Maswali ya kuuliza

Kumkataza kijana wa miaka 19 kwa maneno "bahari inaua" hakusaidii. Atakwenda bila kuaga. Muulize mambo anayoweza kuyajibu au kushindwa mwenyewe. Nahodha ni nani, na amevua mwamba huo miaka mingapi? Nani anabaki mashuani? Nani anakuangalia ukiwa chini? Kuna jaketi la kuokolea la kila mtu, tochi ya akiba na simu iliyofungwa isiingie maji? Nani nchi kavu anajua saa ya kurudi, na atampigia nani saa hiyo ikipita?

Swali la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo mzazi aliye Handeni anaweza kulisimamia mwenyewe akiwa kilomita nyingi kutoka ufukweni. Akubaliane na mwenyeji wa Pangani: saa fulani mashua iwe imerudi, na isiporudi mtu aende pwani kuwaamsha wavuvi wengine na kutoa taarifa, asisubiri kuche.

Kwa familia yenye watoto wadogo, Pangani ya mchana inatosha. Mashua huwapeleka wageni Maziwe maji yakitoka, watoto wakavaa miwani na kuona samaki kwenye kina kifupi, jaketi zikiwa mwilini. Jioni kambakochi hununuliwa kwa wavuvi wanaojulikana. Mgeuze kwanza utazame chini ya mkia. Akiwa na mayai, usimnunue, na watoto wako waone ukikataa.