Ndege wa Bustani Yetu

Hapa Mpala jua hutokea ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Kabla halijachomoza, tumekwisha kuketi bustanini na simu yetu, maana ndiyo kamera tuliyo nayo. Kitwitwi huja kwanza, akitikisa mkia. Kisha huja chozi, kufyonza utamu wa maua ya mgomba.

Mwaka 1883 alifika hapa Mjerumani mmoja, Richard Böhm, mtaalamu wa ndege. Siku zile ndege alipigwa bunduki kwanza, ndipo achunguzwe. Sisi twajisifu kwamba hatuui. Kumbe!

Chozi jike alitundika kiota chake katika mlimau wetu. Kilijificha majanini, na picha zikatoka giza. Tukakata tawi, moja tu, mwanga uingie. Picha ikawa nzuri mno, tukawaonyesha majirani. Siku ya tatu tukakuta kiota kimepasuliwa, mayai hayamo. Tawi lile lilikuwa pazia lake. Sisi tuliliondoa, adui akaona.

Picha ile hatuionyeshi tena. Sasa twaketi mbali, karibu na kisima, tumelipa ziwa mgongo ili mwanga umwangukie ndege, wala kiota hatukiendei. Katika picha ndege hutoka mdogo kama punje. Si neno, kesho yake yuko tena.

Basi, ndugu, upendapo kumpiga ndege picha, jiulize kwanza: nikiisha kuondoka, nitamwacha salama kama nilivyomkuta?