Barua kutoka Leicester: Waliojua Milango

Halmashauri za Uingereza huzoa taka, husajili vifo, hutunza makaburi, hupangisha nyumba za umma na huwahudumia wazee wasiojiweza. Ni kazi ambazo mwananchi hazioni mpaka siku zitakaposimama. Usiku wa tarehe 23 Machi 2020, Waziri Mkuu Boris Johnson alipowaamuru watu wabaki majumbani kwa sababu ya korona, kazi hizo hazikuwa na nyumba ya kubaki. Siku nne kabla ya hapo serikali ilikuwa imetoa orodha ya wafanyakazi muhimu ambao watoto wao wangeendelea kupokelewa shuleni. Pamoja na wauguzi na polisi walitajwa wanaozoa taka, wanaowalipa wananchi posho na wanaoshughulikia maiti.

Tatizo la wazoa taka lilianzia ndani ya gari lenyewe. Kwa kawaida dereva na wapakiaji wawili au watatu hukaa bega kwa bega kwenye kichwa cha gari kwa saa nyingi. Halmashauri nyingi zikawatenganisha: mmoja akabaki na dereva, vioo vikiwa vimeshushwa kwenye baridi ya asubuhi, na wengine wakafuata kwa gari dogo. Kila gari likawa na kundi lake lisilochanganyika na jingine, ili akiugua mmoja wakae nyumbani hao tu. Pale kundi lilipopungua, waliokuwa wakifanya kazi kwenye maktaba na mabwawa ya kuogelea yaliyofungwa walipelekwa kuziba pengo. Nyumba yenye mgonjwa iliagizwa kufunga taka zake katika mifuko miwili na kuzitenga kwa saa 72 kabla ya kuzitoa nje. Na taka zilikuwa nyingi kuliko kawaida, kwa kuwa familia nzima ilishinda ndani, huku vituo ambako watu hupeleka makorokoro yao wenyewe vikiwa vimefungwa. Alhamisi saa mbili usiku watu walitoka milangoni kuwapigia makofi watumishi wa afya. Wazoa taka nao walikuta karatasi zilizobandikwa kwenye vifuniko vya mapipa, zenye michoro ya watoto na neno la asante.

Kazi ya msajili wa vifo haikuonekana hata kwa kiasi hicho. Kabla ya korona, ndugu wa marehemu alitakiwa kufika mwenyewe ofisini ndani ya siku tano. Sheria ya dharura iliyotiwa saini tarehe 25 Machi 2020 iliruhusu usajili ufanyike kwa simu. Hivyo karani akaweza kuuliza kwa simu maswali yaleyale ambayo zamani aliyauliza uso kwa uso: jina kamili, mahali pa kuzaliwa, kazi aliyofanya marehemu enzi za uhai wake. Wakati mwingine aliyejibu naye alikuwa karantini, pengine anakohoa, na hana wa kumshika mkono. Mazungumzo yakiisha, kibali cha maziko kilitumwa kwa barua pepe moja kwa moja kwa wasimamizi wa mazishi.

Katika jiji la Leicester, lenye watu zaidi ya 350,000, jibu la swali la mahali pa kuzaliwa huweza kuwa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, halmashauri ya jiji hilo ilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasije. Walikuja kwa maelfu, na baadhi ya wazee wao hawajasahau Kiswahili. Karibu miaka hamsini baadaye, kazi ya kuwalinda watu hao na kuwasitiri waliofariki ilikuwa ya halmashauri hiyohiyo.

Kuhusu kusitiri, hofu ilizuka tangu muswada wa sheria ya dharura ulipokuwa bungeni. Ulivyoandikwa mwanzo, wengi walihofia kwamba makaburi yakizidiwa, maiti zingeweza kuchomwa bila kujali wosia wala dini. Mbunge Naz Shah wa Bradford aliipinga sehemu hiyo, na serikali ikakubali kuirekebisha, ili mamlaka za mitaa zilazimike kuzingatia matakwa na imani ya marehemu. Kwa Waislamu na Wayahudi hilo lilikuwa jambo zito mno. Kwa wachimba makaburi lilimaanisha kazi nyingi zaidi kwa muda mfupi zaidi, tena wakishuhudia maziko ya watu wachache waliosimama mbalimbali.

Kwa walio hai, tatizo lilikuwa kuwapata: Uingereza haina mjumbe wa nyumba kumi. Hakuna anayejua kwa kichwa kwamba bibi wa nyumba ya tatu anaishi peke yake na ana pumu. Serikali kuu ilitumia orodha za wagonjwa, na waliotambuliwa kuwa hatarini zaidi walifika milioni 2.2 hivi, wakashauriwa sana wasitoke kabisa. Lakini orodha haigongi mlango. Watumishi wa halmashauri, wakisaidiwa na watu waliojitolea, ndio waliowapigia simu, wakaacha kikapu cha chakula kizingitini na kurudi nyuma hatua mbili wakisubiri mwenye nyumba achungulie. Makarani wa kodi nao walitoa ruzuku za pauni 10,000 na 25,000 kwa wenye biashara ndogo, jumla zaidi ya pauni bilioni 11, na walifanya hivyo kwa wiki chache kwa sababu tayari walikuwa na orodha ya maduka.

Wapo pia wasio na mlango. Tarehe 26 Machi serikali iliziagiza halmashauri kuwaingiza ndani wote waliokuwa wakilala barabarani, na kazi hiyo ilitakiwa ikamilike ndani ya siku chache. Hoteli zilikuwa tupu, zikakodiwa. Kufikia Mei karibu watu 15,000 walikuwa na chumba, wakiwamo wageni ambao masharti ya viza zao yanawanyima msaada wa umma. Jambo lililoitwa gumu kwa miaka mingi liliwezekana, na hilo halipaswi kusahauliwa.

Leicester ilipata jaribu lake mwishoni mwa Juni. Tarehe 29 Juni 2020 jiji hilo lilikuwa la kwanza nchini kurudishwa ndani peke yake, kwa maambukizi 135 kwa kila watu 100,000 katika wiki moja. Kwingineko baa na migahawa ilifunguliwa tarehe 4 Julai. Leicester ilisubiri hadi Agosti. Meya Peter Soulsby alilalamika kwamba hadi siku chache kabla ya amri hiyo jiji lilikuwa likipewa sehemu ndogo tu ya matokeo ya vipimo. Lalamiko lake lilikuwa la haki: hakuna awezaye kuzima moto asioonyeshwa mtaa unaowaka. Takwimu zilipopatikana, watumishi wa jiji na waliojitolea walipita nyumba kwa nyumba wakigawa vifaa vya kupimia, wakieleza namna ya kujipangusa kooni na puani, kisha wakirudi kuvichukua.

Somo la kwenda mlangoni lilienea. Wafuatiliaji wa kitaifa wa maambukizi waliwapigia wagonjwa na waliokutana nao kwa namba isiyojulikana, na wengi hawakupokea. Kufikia Agosti 2020, Leicester, Luton, Sandwell na Blackburn with Darwen zilikuwa zimeanza ufuatiliaji wao wenyewe: mtu asipopatikana kwa simu ya taifa, jina lake lilirudishwa kwa halmashauri, na simu ikigoma hata hapo, mtumishi alikwenda kubisha hodi.

Sheria za dharura ziliondolewa kipande kwa kipande. Madiwani, walioruhusiwa kukutana kwa video tangu Aprili 2020, walirudi kwenye kumbi zao kuanzia tarehe 7 Mei 2021. Usajili wa kifo kwa simu ulikoma tarehe 24 Machi 2022, na ndugu wa marehemu wakaanza tena kuketi mbele ya meza ya msajili na kutia saini kwa mkono wao.