Kulala Venice, Mji wa Mifereji

Gari la moshi liendalo Venice, katika nchi ya Italia, huiacha bara na kupita juu ya daraja refu la karibu kilomita 4, maji kulia na maji kushoto. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1846, na la motokaa likajengwa kando yake mwaka 1933. Kabla ya hapo hapakuwa na njia ya kuingia mjini ila kwa chombo. Hata sasa madaraja hayo humfikisha mtu mlangoni tu. Mgeni atokapo stesheni hukuta ngazi pana za mawe, na chini ya ngazi, mahali ambapo katika miji mingine pangekuwa na barabara na mateksi, huuona Mfereji Mkuu umejaa mashua za kila namna: za abiria, za mizigo ya mboga na saruji, za wagonjwa, za zimamoto, hata za kuzolea taka. Hapana motokaa, hapana pikipiki wala baisikeli. Watu wote, tajiri na maskini, huenda kwa miguu au kwa maji.

Hapo ndipo mgeni aliyechukua sanduku kubwa huanza kujuta. Mji umejengwa juu ya visiwa vidogo zaidi ya 100 vilivyounganishwa kwa madaraja yapatayo 400, na karibu kila daraja lina ngazi za kupanda na kushuka. Tena nyumba hazihesabiwi kwa njia, kama ilivyo desturi ya mahali pengi, bali kwa mtaa mzima. Mitaa mikuu ni 6, na katika mtaa wa Castello namba hupita 6,000. Mtu aliyeandikiwa jina la mtaa na namba peke yake aweza kuzunguka katika vichochoro hata jua likatua, na kila amwulizaye akamwambia aende moja kwa moja, jambo lisilowezekana Venice. Mwenye busara humwuliza mapema mwenye nyumba ya wageni mambo mawili: jina la gati iliyo karibu, na jina la uchochoro wenyewe.

Wengi hupenda kukaa katikati, baina ya daraja la Rialto na uwanja wa San Marco, na wana sababu. Nyumba za wageni za huko kwa kawaida ni majumba ya kale yaliyogawanywa vyumba. Mlango wa uchochoroni ni mdogo, ngazi ni nyembamba, na sakafu ya vipande vya mawe yaliyosuguliwa huinama kidogo upande mmoja, kwa kuwa nyumba imejikalia chini kwa muda wa miaka mia kadhaa. Mara nyingi upo na mlango wa pili ufungukao mfererejini, ambao zamani ulikuwa ndio mlango wa heshima, maana mwenye nyumba na bidhaa zake walifika kwa mashua. Chumba si kikubwa, na bei yake ni kubwa kuliko ile ya Mestre, mji wa bara uliopo ng'ambo ya daraja. Walakini anayelala Mestre ili aokoe fedha huikosa Venice yenyewe.

Kwani mji huu una nyuso mbili. Mchana, hasa baina ya saa nne na saa kumi na moja, njia za katikati hujaa watu waliokuja kwa siku moja, wakisukumana juu ya Rialto na kupigana picha. Jioni hao hurudi walikotoka. Ndipo kimya kinapoingia, kimya ambacho mtu wa Nairobi au Mombasa hakijui, kwa sababu hapana ngurumo ya gari hata moja. Mtu aliye kitandani husikia nyayo za mpita njia, maneno ya watu wawili wanaoagana darajani, na maji yakilamba ukuta. Alfajiri huamshwa na mashua za mizigo, na baadaye na magurudumu ya masanduku yakigonga mawe, sauti ambayo wenyeji wameichoka sana.

Saa hiyo ya asubuhi ndiyo ya kwenda sokoni Rialto. Daraja lenyewe, la jiwe jeupe na lenye maduka juu yake, lilimalizika mwaka 1591, na kwa muda mrefu lilikuwa ndilo pekee lililovuka Mfereji Mkuu. Sasa yapo 4. Karibu na soko la samaki kuna ubao wa jiwe ulioandikwa majina ya samaki, na mbele ya kila jina urefu wake, kwamba aliye mfupi kuliko kipimo hicho haruhusiwi kuuzwa. Wavuvi wa pwani wanaolalamika juu ya nyavu za macho madogo watauelewa ubao huo bila kufundishwa.

Msafiri wa Pwani ataelewa mengine pia. Huko kwetu boriti za mikoko hubeba dari. Venice magogo hubeba mji. Wajenzi wa zamani waliyapigilia wima katika tope kwa maelfu, yakisongamana, mpaka yakashika udongo mgumu. Gogo lililozama kabisa topeni, pasipo hewa, haliozi upesi. Juu ya magogo waliweka mbao, na juu ya mbao mawe meupe kutoka Istria, yasiyopitisha maji kwa urahisi, ndipo wakaanza kuta za matofali. Kanisa la Santa Maria della Salute, lililoanzwa mwaka 1631 baada ya tauni kuua maelfu ya watu, husemekana limesimama juu ya magogo zaidi ya milioni moja. Na katika kila kiwanja kidogo kuna kinywa cha kisima kilichochongwa kwa jiwe. Si chemchemi bali ni birika: maji ya mvua yalishuka kupitia mchanga, yakasafika, yakatekwa kwa ndoo. Mji uliozungukwa na bahari ulikunywa mvua mpaka mwaka 1884, mabomba yalipoletwa kutoka bara.

Anayetaka kuona gondola, zile mashua nyeusi nyembamba, zikitengenezwa, na aende San Trovaso, ambako kuna kiwanda cha karne ya 17. Gondola imepindishwa kwa makusudi: upande wa kushoto ni mpana kuliko wa kulia, ili mpiga kasia mmoja, anayesimama nyuma na kupiga kasia upande wa kulia tu, aweze kwenda sawasawa. Bei ya kuipanda ni ghali mno. Asiye na fedha nyingi aweza kuvuka Mfereji Mkuu kwa mashua ya namna hiyo hiyo inayovusha abiria kwa malipo madogo.

Kisiwa cha Murano nacho kisisahauliwe. Mwaka 1291 serikali iliwaamuru wafua vioo wahamie huko kwa hofu ya moto. Shanga nyingi ambazo misafara ya karne ya 19 ilizichukua kutoka Unguja na Bagamoyo kwenda bara, zikanunua chakula na pembe, zilifanyizwa Venice. Bibi wa Unyamwezi aliyechagua rangi moja na kuikataa nyingine alikuwa akiwatia hasara au faida mafundi wasiojua hata jina la nchi yake.

Mji uliofanya biashara ya namna hiyo ulijua sana habari za wageni. Kando ya Rialto limesimama jumba kubwa, Fondaco dei Tedeschi, lililojengwa upya mwaka 1508 baada ya moto. Neno fondaco limetoka katika Kiarabu, funduq, yaani nyumba ya wasafiri. Wafanya biashara wa nchi za Kijerumani walilazimishwa kulala humo na kuweka mali zao humo, chini ya macho ya maofisa. Waturuki nao walipewa lao mwaka 1621, nalo lilikuwa na mahali pa kusalia. Siku hizi ni jumba la makumbusho ya viumbe. Wayahudi walifungiwa mtaa wao tangu mwaka 1516, na milango ikatiwa kufuli kila usiku. Sheria hizo zilikuwa kali, na nyingine za dhuluma, lakini zaonyesha jambo moja: serikali ya Venice ilijiamulia yenyewe mgeni alale wapi.

Leo mambo yamegeuka. Mwaka 1951 mji huo wa visiwani ulikuwa na wakazi wapatao 175,000. Agosti 2022 hesabu ilishuka chini ya 50,000. Duka moja la dawa karibu na Rialto liliweka dirishani, tangu mwaka 2008, hesabu ya wakazi waliobaki, na wapita njia huitazama kama watu watazamavyo kipimo cha homa. Mwaka 2023 raia wanaofuatia jambo hili walitangaza kwamba vitanda vya wageni vimezidi idadi ya wenyeji.

Sababu si moja. Mafuriko ya tarehe 4 Novemba 1966, maji yalipopanda sentimita 194, yaliharibu vyumba vya chini, na familia nyingi zikahamia bara, kulikokuwa na kazi na motokaa mlangoni. Novemba 2019 maji yakapanda tena, sentimita 187. Tangu Oktoba 2020 milango 78 ya chuma huinuliwa katika mikono mitatu ya bahari, bamvua linapotishia kuzidi, na kazi hiyo imefaulu zaidi ya walivyodhani wenye shaka. Meli kubwa za watalii nazo zimekatazwa kupita mbele ya San Marco tangu Agosti 2021. Bahari, basi, imezuiwa kwa kadiri. Ila milango ya chuma haizuii kodi ya nyumba. Mwenye chumba apatapo kwa mgeni wa usiku tatu fedha ambazo mpangaji hutoa kwa mwezi, mwalimu na muuguzi watapanga wapi? Watu wa Lamu na wa Mji Mkongwe wa Unguja, walioona nyumba za mababu zikigeuzwa mahoteli, hawahitaji kuelezwa.

Mwaka 2024 baraza la mji lilianza kumtoza euro 5 mgeni wa kutwa, katika siku 29 zilizochaguliwa. Mwaka uliofuata siku zikawa 54. Anayelala mjini hatozwi ada hiyo, ila hutoa kodi ya kitanda kwa kila usiku. Ni haki, maana alalaye hununua mkate, hula chakula cha jioni na hutembea polepole. Lakini zipo nyumba za wageni za namna mbili. Ipo ile ambayo mwenyewe anakaa humo, naye humpa mgeni ufunguo kwa mkono wake na kumwonya kuhusu maji ya kesho. Ipo na ile ambayo ufunguo umefungiwa katika kisanduku cha namba ukutani, na mwenyewe yuko mji mwingine. Ya kwanza imeacha nafasi ya jirani. Ya pili haikuacha.

Anayetaka kuwaona hao majirani na auache uwanja wa San Marco nyuma, afuate ukingo wa maji kuelekea mashariki hata afike Via Garibaldi, katika Castello. Njia hiyo ni pana kwa kuwa zamani ilikuwa mfereji, ukafukiwa wakati wa Napoleon. Nguo zimeanikwa kutoka dirisha hata dirisha. Saa za alasiri watoto watokao shule hucheza mpira kati ya meza za wazee wanaokunywa divai. Mwisho wa njia, pale mfereji unapoanza tena, imefungwa mashua ya mboga, na akina mama hununua humo, msimu ukifika, artichoki za rangi ya zambarau kutoka kisiwa cha Sant'Erasmo, wakizibonyeza moja moja na kuzirudisha zile zisizowaridhisha.