Nguo Inapochuja, Maji Huenda Wapi?

Shangazi yetu anaishi Mukuru kwa Njenga tangu alipoolewa, na kila mwaka alitulaumu kwamba sisi wa Mombasa njia ya Nairobi tunaijua panapokuwa na harusi tu. Safari hii tulimwendea yeye. Tulishuka garimoshi Syokimau, tukapanda matatu, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tukipita kati ya kuta ndefu za maghala na vibanda vya mabati, mkono mmoja umekamata buibui lisiguse matope, mkono wa pili umebeba halua na achari alizotuagiza.

Mukuru si mtaa mmoja. Ni Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, na jina hilo la tatu lajieleza: watu walifuata kazi, wakajenga mlangoni pake. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, na wakazi wakashirikishwa kupanga barabara, maji na vyoo. Miaka minne baadaye, mwaka 2021, maelfu ya watu wa Kwa Njenga walivunjiwa nyumba kupisha barabara. Ya shangazi ilikuwa miongoni mwazo. Chumba alichotukaribishia ni kidogo kuliko kile cha kwanza, lakini chai yake bado ina iliki.

Tulimpelekea leso doti moja, nyekundu na nyeusi. Akaitia majini papo hapo pamoja na kiganja cha chumvi, kama walivyofanya mama zetu ili rangi ishike. Beseni likawa jekundu.

"Inachuja hii," akasema, kisha akacheka. "Njooni, wanangu, niwaonyeshe zinakochujia zote."

Akatupeleka mtoni.

Mto Ngong huanza msituni ukiitwa Motoine, huingia Bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka 1953, kisha hupita nyuma ya viwanda na kandokando ya Mukuru. Tulipofika, maji yalikuwa ya kijivu, yamebeba mifuko ya plastiki na taka za vyooni. Chini ya ukuta mmoja palikuwa na bomba, na kutoka bombani ulitiririka utepe wa buluu iliyokoza kama wino, unatoa mvuke. Tusifiche: ulikuwa mzuri kuutazama. Ulikwenda hatua kadhaa peke yake kabla ya kuchanganyika na mto.

"Jana ulikuwa zambarau," alisema shangazi. "Watoto hapa hubashiri kila asubuhi."

Hatukutaka kucheka, tukacheka.

Zambarau ndiyo iliyoanzisha mambo haya. Mwaka 1856, mjini London, kijana wa miaka 18 aitwaye William Henry Perkin alijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na vitu vya lami ya makaa ya mawe. Akapata rangi badala ya dawa. Kabla yake ulimwengu ulitia nguo rangi kwa mimea na wadudu. Leo karibu kila rangi ya dukani ni ya kemikali. Pamba huchovywa katika matangi ya maji moto yenye magadi na chumvi, chumvi ileile ya beseni la shangazi, ila kwa magunia. Hata hivyo rangi haishiki yote. Kwa baadhi ya aina hubaki majini thuluthi nzima au zaidi, na maji hayo hayana budi kwenda mahali.

Chuoni tulifundishwa kwamba maji yana sifa tatu, rangi, ladha na harufu, na yakigeuzwa sana, hata kwa kitu tohara kama zafarani, hayafai tena kutawadhia. Basi pale ukingoni tulidhani kazi ya kuyasafisha ni kuiondoa ile buluu tu. Binamu yetu, anayehudumia mtambo wa maji machafu katika kiwanda kingine, ndiye aliyetusahihisha jioni hiyo.

Kwanza, alisema, maji hukusanywa katika tangi kubwa yapoe, na makali ya magadi yapunguzwe. Kisha hutiwa dawa ya jamii ya shabu, ileile tuliyowaona bibi zetu wakiizungusha mtungini, na chokaa. Rangi nyingi huganda madonge, hutuama chini, na maji ya juu huonekana meupe. Lakini rangi nyingine hazigandi. Hizo huachiwa bakteria, na hapo ndipo penye hila. Rangi zilizo nyingi zaidi ni za jamii ya azo. Bakteria wasiotumia hewa huzivunja upesi na buluu hutoweka, ila nyuma yake huweza kubaki kemikali ziitwazo amini, zisizo na rangi, na baadhi yake huleta saratani. Ndiyo sababu mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku rangi zinazozaa amini hizo katika nguo zinazogusa mwili. Kwa hiyo maji hupitishwa tena kwa bakteria wanaopuliziwa hewa, na mwisho, penye uwezo, katika makaa maalumu. Makaa mazuri ya kazi hiyo hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, ambavyo sisi huvitupa jaani.

Tope lililotuama nalo lina safari yake. Anayelitupa mtoni usiku hajasafisha kitu.

Tulimkumbusha kwamba mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia lilitoa fatwa kuwa maji machafu yakisafishwa hadi yarudi katika asili yake yanafaa hata kwa udhu, na kunywewa pia ikiwa hayadhuru afya. Sharti hilo la mwisho ndilo binamu analohangaika nalo. Kenya ina kanuni za ubora wa maji tangu mwaka 2006, na rangi imo katika vipimo vyake. Lakini mtambo unakula umeme na dawa kila saa, na kiwanda kinachouwasha huuza kitambaa ghali kuliko jirani anayeuzima.

"Na nyinyi mkienda dukani," akatuuliza, "huchagua ipi?"

Hatukumjibu. Ile doti tuliiteta bei mpaka muuzaji akachoka.

Usiku tulimwomba atuchoree njia ya mto. Ngong huungana na Mto Nairobi. Nairobi huingia Athi. Athi ukikutana na Tsavo huitwa Galana. Na Galana hufika kwetu ukiitwa Sabaki, ukamwagika baharini kati ya Malindi na Mambrui. Kabla haujafika, kando yake huko Baricho, kuna visima vinavyoleta maji Malindi, Kilifi na Mombasa. Hatusemi kwamba buluu ya Mukuru imo mtungini mwetu. Njia ni ndefu, mito mingine huingia, na mchanga wa Baricho huchuja. Lakini tuliukunja ule mchoro tukautia mkobani, na tangu siku hiyo tukimpigia shangazi simu twamuuliza kwanza mto una rangi gani.

Juzi alijibu kwamba ni kijivu chake cha kila siku. Ilikuwa Jumapili, viwanda vimefungwa.