Kuhusu Rumba Yako na Yetu

Mjukuu wangu,

Huku Morogoro hatujambo, ila bibi yako na magoti yake. Unaniandikia kwamba mwalimu wenu wa dansi huko London hufundisha rumba kwa kukanyaga mdundo wa pili, kwa hiyo tuliyoicheza sisi enzi za bendi ya Morogoro Jazz "haikuwa rumba". Taratibu, mama.

Ukiichimba, hata hiyo ya darasani si rumba yenyewe. Rumba ya Havana na Matanzas ni ngoma, vijiti na sauti za watu, mali ya makuli wa bandarini na wajukuu wa watumwa. Ina yambú, ina guaguancó, ina columbia ambayo kwa desturi mwanamume huicheza peke yake akijigamba. Iliyovuka bahari ni nyingine, son, ya magitaa na tarumbeta. Mwaka 1930 mwanamuziki wa Kuba, Don Azpiazú, alirekodi wimbo wa son, El Manisero, huko New York, na kwenye lebo ya santuri wakaandika rumba. Biashara hiyo! Jina likauzika, likabaki.

Huo mdundo wa pili unaoringia aliuleta Uingereza Monsieur Pierre, mwalimu wa dansi wa London, baada ya kwenda Kuba mwaka 1947 na kuona wenyewe wanavyokanyaga. Walimu wenzake walimpinga, wakazozana miaka, ndipo mtindo wake ukakubaliwa.

Santuri za Kuba zenye herufi GV nazo zilikuwa zikiuzwa Afrika tangu miaka ya 1930. Vijana wa Léopoldville, Kongo, wakazisikiliza, kina Kabasele na Franco wakaja kuimba Kilingala juu yake na kuliachia gitaa lizungumze mpaka alfajiri. Hiyo ndiyo iliyotufikia. UNESCO iliiandikisha rumba ya Kuba mwaka 2016, ya Kongo mwaka 2021, kila moja kwa heshima yake.

Kwa hiyo, siku ya mtihani kanyaga mdundo wa pili bila ubishi. Ndicho wanachokitolea alama. Lakini ukija Desemba kwenye harusi ya kaka yako, usimsahihishe mtu ukumbini. Shika mkono wa mjomba wako, mfuate anavyokwenda, na kuhesabu kuache London.

Shangazi yako anauliza viatu vya dansi huko ni bei gani. Mjibu yeye, mimi sitaki kuhusishwa.

Babu yako